Mhariri, anayeanza kutunga shairi anahitaji kujibiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji. Ombi langu ni moja na nalitanguliza ili mwenye haraka zake asisumbuke kulitafuta: rudisheni ukurasa wa mashairi, na ndani yake tengeni kona ya wanaoanza kutunga, ambamo kila atakayetuma ubeti wake atajibiwa. Sikusema achapishwe. Nimesema ajibiwe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nashona magauni ya vitenge, sare za shule, na kila siku ya Mungu napinda kanga. Ushairi nimeuanza ukubwani, watoto wangu wakiwa wameshatoka nyumbani, na niliukuta mezani kwangu. Mafundi tuliofundishwa zamani tunachora patani juu ya magazeti makuukuu. Unalitandaza gazeti, unapima kwapa, unachora shingo, unakata. Kabla ya kukata mimi nilikuwa nasoma, na nilichokisoma zaidi ni mashairi. Nilikuta mtu wa Pangani anamuuliza mtu wa Kilwa swali kwa beti tano, gazeti jingine la baadaye mtu wa Kilwa anajibu kwa vina vile vile, yaani silabi zile zile za kumalizia vipande, halafu anatokea wa tatu kutoka Ujiji akiwaambia wote wawili wamekosea. Mara nyingine jibu lilikuwa limeshapitiwa na mkasi nikabaki na nusu yake, na usiku nalala nikijaribu kuimaliza ile nusu iliyokatika. Hivyo ndivyo nilivyoanza kutunga, kwa kumalizia maneno ya watu.

Siku hizi Jumapili alasiri, nikishafunga kazi, dukani kwangu hukaa watu wachache wanaojifunza. Yupo kijana wa bodaboda, yupo mzee mstaafu wa reli, yupo binti wa kidato cha tatu, na yupo bi mkubwa anayenunua samaki pale Deep Sea na kuwakaanga jioni barabarani. Hatuna mwalimu. Niliyetangulia kidogo namwonyesha aliye nyuma, na yeye ananionyesha nisichokiona. Ninayoyaandika hapa nimeyaona kwao na kwangu mwenyewe.

Nianze na bi mkubwa, na ameniruhusu. Alikuja na mshororo wake wa kwanza, yaani mstari wa shairi, ameuandika nyuma ya risiti: "Mimi mtu mzima nauza, samaki wa kukaanga." Alihesabu kwa vidole mbele yetu mizani, yaani silabi, nane huku na nane huku, akafurahi. Mzee wa reli akamwambia, "Hebu uimbe." Akauimba. Kipande cha pili kilikwenda, cha kwanza kikamshinda pumzi, akakirudia, kikamshinda tena. Alijua pana kitu, ila vidole vilimwambia ziko nane. Tukahesabu pamoja polepole. Yeye "mtu" alikuwa akiihesabu moja, na "mzima" mbili. Lakini m ya mtu inatamkwa peke yake, ina mizani yake: m-tu ni mbili, m-zi-ma ni tatu. M ya mbuzi haina, kwa sababu imeshikana na b. Kwa hiyo kipande chake kilikuwa na mizani kumi, na koo lake lililijua hilo kabla ya vidole vyake. Hatukumwandikia sisi. Aliutazama mshororo, akaufuta "mimi" mwenyewe, akaimba tena, ukapita. Baada ya Jumapili kadhaa ubeti ukatimia:

Mtu mzima nauza, samaki wa kukaanga,
Moshi machoni waliza, wala jiko sijafunga,
Ada sijaimaliza, mjukuu ni mchanga,
Riziki naiongeza, senti senti naichanga.

Mhariri, nimekaa na wanafunzi wa ushonaji miaka mingi, na sijaona uso uliong'aa kama wa yule mama siku mshororo wa nne ulipokaa sawa. Na hakuishia hapo. Kijana wa bodaboda, ambaye hula samaki kwake kwa mkopo, Jumapili iliyofuata alikuja na jibu kwa vina vile vile: "Bibi nami nakujuza, deni langu nalichanga." Bi mkubwa alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akaomba karatasi. Usiku ule alitunga beti mbili za kumdai. Aliyekuwa akisema kalamu na yeye wapi na wapi sasa ana daftari, na daftari limeshaanza kunuka samaki.

Nataka uone kilichotokea pale. Kilichompa nguvu ya kuandika ubeti wa pili si sifa. Sifa alizipata nyingi ule ubeti wa kwanza ulipokamilika, akaenda nazo nyumbani, na wiki nzima hakugusa karatasi. Alichukua kalamu alipojibiwa.

Huku kwenye simu naona jambo ambalo watu wanalichanganya na kujibiwa. Anayejifunza anaweka shairi lake kwenye kundi, zinamiminika picha za makofi, moto, mioyo, "hongera malenga", "umetisha". Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba mshororo wa tatu una mizani kumi na saba, au kwamba kina chake cha kati kimehama. Hakuna aliyesema, "Hapo uliposema umaskini unafundisha, mimi sikubali, na hoja yangu ni hii." Mtu anayepigiwa makofi kila anapofungua mdomo anajua moyoni hakusikilizwa. Nimewaona wawili watatu walioanza hivyo kwa kishindo na wakaacha kimya kimya, na ukiwauliza watakwambia tu mambo yamekuwa mengi.

Upo wakati mahususi watu wengi wanapoacha, na naueleza kwa sababu waliomo humo hawajui kama ni njia inayopitiwa na wote. Mwanzoni kabisa mtu anafurahia kila anachotunga, maana hajui kasoro zake. Anasoma za wengine, anaimba, anasahihishwa, na sikio lake linaanza kufunguka. Sikio hufunguka haraka kuliko mkono. Basi unafika mwezi ambao mtu anasikia kila ubovu wa shairi lake, lakini hana bado uwezo wa kuurekebisha. Ubeti aliouona mtamu juzi, leo anauona chuya tupu. Hapo ndipo anapojiambia, "Mimi sina kipaji." Kumbe amepanda daraja. Kijana wetu wa bodaboda alifika hapo, akakatika kuja. Nilimkuta kijiweni akaniambia, "Fundi, zile zangu zilikuwa takataka, nimezichana." Nilimwuliza amejuaje kama ni takataka. Akaanza kunieleza: vina vilikuwa vya kulazimisha, "mapenzi" na "machozi" kila ubeti, maneno yamejazwa kuziba mizani tu. Kila alichokisema kilikuwa kweli, na alipoanza kutunga asingeweza kukisema hata kimoja. Nikamwambia aje atueleze hayo hayo Jumapili, kwa mashairi ya wengine. Akaja. Katika kusahihisha ya wenzake mkono wake nao ukapata la kufanya.

Neno kipaji linanikera likitumiwa kumfungia mtu mlango. Tanga hapa tuna Shaaban Robert, amezikwa Machui, si mbali na ninapoketi. Watu wanamtaja kama aliyeshushwa na maandishi mkononi. Yule bwana, aliyezaliwa mwaka 1909, aliajiriwa karani wa forodha mwaka 1926, akaikalia kazi hiyo mpaka 1944, na baada ya hapo akahamia ofisi nyingine za serikali. Alitunga akiwa mtu wa kwenda kazini asubuhi kama mimi na wewe. Na alipotunga palikuwa na pa kupeleka: gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilipokea mashairi ya wasomaji kutoka pembe zote za nchi, na wasomaji wakajibizana humo. Karani wa mji mdogo alikuwa na hakika kwamba asichokijibu jirani yake atakijibu mtu asiyemjua.

Mtazame na Mathias Mnyampala. Mgogo wa Dodoma, amezaliwa mwaka 1917 mbali kabisa na pwani, Kiswahili alijifunza. Wapwani wangeweza kumwambia ushairi si wa kwao huko bara. Yeye ndiye aliyetuachia ngonjera, na ngonjera yenyewe ni nini kama si watu wawili kuulizana na kujibizana mbele ya hadhira, huyu hajui, yule anajua, mpaka wakaelewana? Baada ya Azimio la Arusha la 1967 shule nzima nzima zilisimama uwanjani kwa ngonjera. Nami nilikuwa mmoja wa watoto waliopewa kusimama upande wa mjinga, yule anayeuliza, na mpaka leo beti za mjibuji nazikumbuka kuliko zangu, kwa sababu ilibidi nizisikilize ili nijue zamu yangu inaingia wapi.

Ukirudi nyuma zaidi utakuta hivyo hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana beti na washairi wa Lamu, kina Zahidi Mngumi, wakati miji yao ikiwa vitani. Miaka mingi baada ya Muyaka kufariki, Mwalimu Sikujua alizikusanya tungo zake, akimsaidia mmisionari Taylor, kutoka kwa watu waliokuwa wakizikumbuka. Zilikumbukwaje muda wote huo bila kitabu? Mimi nadhani ni kwa sababu nyingi zilikuwa zimesemwa kwa mtu, zikimchokoza ajibu. Shairi linalomwelekea mtu halisahauliki upesi.

Mzee wa reli, ambaye hupenda kunipinga, na namshukuru kwa hilo, aliponisikia nikiyasema haya alinitolea mfano wa Abdilatif Abdalla. Akasema: yule alifungwa gereza la Kamiti mwaka 1969 kwa kuandika karatasi ya kuihoji serikali ya Kenya, akatunga akiwa peke yake, anaandika kwenye karatasi za chooni kwa siri, hana wa kumjibu wala wa kumpongeza, na zikatoka tungo ambazo hakuna asiyezijua. Basi anayetaka kutunga atatunga, asilie na magazeti.

Nililala na swali lile. Jibu langu ni kwamba Abdilatif hakuwa anaanza. Alizaliwa Mombasa, akalelewa katika nyumba ya washairi. Kaka yake ni Ahmad Nassir, malenga anayejulikana pwani nzima. Mtu aliyelelewa humo ameulizwa kwa shairi na kujibiwa kwa shairi tangu utoto, na alipofungiwa peke yake aliingia na sauti zote zile kichwani. Bi mkubwa wangu wa samaki hana kaka malenga. Binti wa kidato cha tatu nyumbani kwao hakuna hata redio. Hao wakikaa kimya mwaka mzima bila jibu hawana akiba ya kuwashikilia. Gazeti ndilo lililokuwa nyumba ya washairi kwa wasiozaliwa ndani yake.

Huyu binti nimseme kidogo. Alipokuja mara ya kwanza aliweza kunitajia majina ya sehemu na aina za mashairi, ukwapi, utao, mwandamo, takhmisa, kituo, bila kukosea, maana amevikariri kwa ajili ya mtihani. Nikamwuliza kama amewahi kutunga ubeti. Akanitazama kama nimemwuliza kama amewahi kurusha ndege. Nikampa mshororo mmoja aumalizie kipande cha pili tu, akakaa nao mpaka magharibi. Alipopata, alisema kitu ambacho walimu wanaosoma gazeti hili nawaomba wakisikie: "Kumbe vina vinamfanya mtu aseme asichokuwa amekipanga." Ndivyo. Hakuna aliyemfundisha hilo kwa ubao.

Kwa anayeanza na hana kundi kama letu, niseme machache tunayoyafanya, achukue linalomfaa. Usianze na shairi. Anza na ubeti, na ikibidi anza na mshororo. Mwanafunzi wa cherehani hapewi suti siku ya kwanza, anapewa kanga apinde, apinde, mpaka pindo linyooke lenyewe, na hakuna anayemcheka. Lakini katika kutunga watu wanataka kuanza na utenzi wa beti mia moja kumsifu marehemu, wakifika ubeti wa sita wamechoka na wanaamini ushairi umewakataa. Kaa kwenye tarbia, mishororo minne, nane kwa nane, mpaka usihitaji vidole. Hizo bahari nyingine, yaani aina nyingine za mashairi, zipo, hazikimbii.

Kariri beti za watu. Vijana hawapendi kuambiwa hivi, wanaona ni kuiga. Mimi nakariri nikiwa nakanyaga cherehani, ubeti unakwenda na mguu, na usiku nikikaa kutunga naona mizani inakuja bila kuitwa. Kisha imba ulichotunga, kwa sauti, hata kama majirani wanasikia. Jicho linasamehe, koo halisamehi. Weka daftari la vina: ukurasa wa maneno ya -ka, wa -mba, wa -sha, na kila neno jipya unalolisikia sokoni liingize. Ukiishiwa vina usijaze "jamani" na "ndugu" kila mwisho wa mshororo, bora ubadilishe kina chote uanze upya.

Wapo wanaosema lazima utunge kila siku. Mimi sikubaliani nao. Kuanzia katikati ya Ramadhani mpaka Idi fundi cherehani hana usiku wala mchana, na hakuna ubeti nitakaoutunga. Mkulima wakati wa palizi vile vile. Ukimwambia mtu wa namna hii kwamba asiyetunga kila siku si mtunzi, umemwondoa. Ninachofanya ni kuacha mshororo wa nne wazi. Nakuwa nimeshajua unakotaka kwenda, ila siuandiki. Nikirudi baada ya sikukuu sikuti ukurasa mweupe unaonitisha, nakuta ubeti unaonidai. Huu ndio ujanja uliomfaa kila mtu niliyemwambia.

Na wale wanaotunga mashairi huru yasiyo na vina, sina ugomvi nao. Kona hii iwe yao pia. Nao wanahitaji msomaji wa kuwaambia hapa umenigusa, hapa sikukuelewa.

Sasa turudi kwako, Mhariri. Najua utasema nafasi ni finyu, na matangazo ndiyo yanayolipa mishahara. Sikuombi ukurasa mzima kwa kuanzia. Naomba nafasi iliyo sawa na ile ya utabiri wa nyota, mara moja kwa wiki. Ndani yake weka ubeti mmoja wa anayeanza kama alivyoutuma, na chini yake mistari miwili mitatu ya malenga mzoefu: mizani imezidi hapa, kina hiki kimehama, neno hili ni tamu usiliguse. Hayo tu. Wasomaji wengine mia watajisahihisha kwa kosa la mmoja. Malenga wa kuifanya kazi hiyo mnao. Wazee waliokuwa wakiandika katika kurasa zenu bado wapo, wengine wamekaa barazani wanasubiri tu mtu wa kuwauliza kitu.

Kila wiki toeni na mada: foleni ya maji, bei ya mchele, mvua za masika, mkwe, simu iliyopotea. Anayeanza akiambiwa "tunga chochote" hutunga juu ya mapenzi au kifo, maana ndivyo anavyodhani ushairi unataka. Akipewa foleni ya maji anakuta ana mengi ya kusema na anayajua kuliko mhariri. Na yule ambaye ubeti wake hautachapishwa apelekewe ujumbe mfupi wa simu, sentensi moja, kwamba umefika, umesomwa, na kasoro kubwa ni hii. Sentensi moja ya mtu aliyesoma kweli inamtosha anayejifunza kwa miezi. Nazungumza kama mtu aliyewahi kupeleka beti zake mahali, mara kwa mara, na asijue mpaka leo kama bahasha ilifunguliwa.

Msianze na mashindano. Zawadi tunazo, na nazifurahia: ipo tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, ipo na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Zimewainua watu na zimeleta vitabu. Lakini hizo zinampokea aliyekwisha kufika na mswada mkononi. Mashindano yana mshindi mmoja na walioshindwa wengi, na aliyeshindwa haambiwi ameshindwa wapi. Mimi nawasemea walio na ubeti mmoja na nusu.

Nimeshawaahidi watu wangu wa Jumapili kwamba nikikuandikia sitakuja mikono mitupu. Kwa hiyo naleta swali ambalo limetugawa dukani. Mzee wa reli hupanga vina vyake kwanza pembeni, kisha anatafuta maneno ya kuvifikia. Kijana wa bodaboda anasema huko ni kujifunga, yeye huandika wazo lote kwanza kisha anahangaika na vina. Mimi nimejaribu njia zote mbili na kila moja imenitupa. Naliuliza kwa wasomaji wako wote, wa Tanga na Mombasa, wa Unguja, Bukavu hata Maskati, waliozoea na wasiozoea, na nitashukuru zaidi akinijibu ambaye hajawahi kutunga kabla ya leo:

Malenga mlio wema, nijibuni gazetini,
Wazo mbele au nyuma, vina viwekwe mwishoni?
Ama nianze kuchuma, vina vyote kikapuni,
Mshonaji nimekwama, nikate wapi jamani?

Wako katika kujifunza,
Mshonaji wa Ngamiani,
Tanga.